Keki ya ghorofa tatu iliyotoka jasho Tabata: uchambuzi wa kisa

Jumamosi moja ya Aprili, saa saba mchana, keki ya harusi ya ghorofa tatu ilitolewa kwenye friji ya nyumbani Tabata, Dar es Salaam. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina mkunjo hata mmoja. Saa nane uso wake ulikuwa umeanza kung'aa. Saa tisa matone yalikuwa yanateremka ubavuni, buluu ya maua ya sukari imechirizika kwenye ghorofa ya kati, na ghorofa ya chini imetoa uvimbe wa upana wa kiganja. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuja na gari aina ya Noah kuichukua, alisimama mlangoni akaitazama.

"Mwanangu," akamwambia mwokaji, "mbona keki yetu inatoka jasho?"

Mwokaji ni mama anayeoka kwake kwa oda, zaidi keki za siku ya kuzaliwa. Za harusi amewahi kufanya, lakini za krimu. Hii ya fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kuvikwa keki, ndiyo ilikuwa oda yake kubwa ya kwanza: imepitia kamati ya harusi, malipo ya awali yameingia kwenye simu, na picha ya mfano imetumwa, nyeupe kabisa, maua ya buluu, utepe wa fedha. Ameniruhusu kuandika kisa hiki, na amenipa picha alizokuwa akipiga hatua kwa hatua kwa ajili ya ukurasa wake wa biashara. Picha hizo zimesaidia kuliko maelezo yoyote, maana mtu akisimulia keki iliyoharibika husimulia mwisho wake tu.

Wenzake kwenye kundi la WhatsApp walitoa hukumu siku ileile: fondanti mbovu, angenunua ya ndoo. Sikubaliani nao. Fondanti yake ilikuwa ya wastani, na ingeweza kusimama ukumbini hadi saa nne usiku bila aibu. Kilichoiangusha ni krimu iliyolala chini yake na friji aliyoiingiza baadaye. Ilipata maji kutoka ndani na kutoka nje kwa pamoja, na hakuna sukari inayovumilia hilo.

Jinsi alivyoifanya

Keki tatu za vanila, za kipenyo cha inchi 10, 8 na 6, kila moja kimo cha sentimita 10. Alizioka Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi akazikata matabaka, akazinyunyizia sharubati ya sukari, akajaza na kupaka batakrimu, yaani krimu ya siagi na sukari, akaziingiza friji kwa muda wa saa mbili zikakaza. Alasiri akazivika fondanti, akazipanga moja juu ya nyingine, akatoa rafu mbili za friji na kuiingiza keki yote. Humo ilikaa hadi Jumamosi mchana.

Fondanti aliitengeneza mwenyewe kwa mashimelo, zile pipi laini kama sifongo: nusu kilo ya mashimelo, vijiko viwili vya maji, inayeyushwa juu ya mvuke, kisha inakandwa na karibu kilo moja ya sukari ya aisingi, mikono na meza vikiwa vimepakwa Kimbo. Akafanya mara mbili, akapata kama kilo tatu. Harusi ilikuwa ya Kiislamu, kwa hiyo alisoma pakiti ya mashimelo kabla ya kulipa. Nampongeza kwa hilo, maana mashimelo mengi ya dukani yana jelatini ya nguruwe, na baadhi ya fondanti za kununua nazo zina jelatini. Lazima utafute iliyoandikwa halali, au inayotaja jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali. Kariakoo zipo. Mwokaji anayeuza keki pwani asiposoma pakiti, siku itakuja atakayeisoma ni mgeni.

Hesabu ya ukubwa aliipatia. Fondanti ya kufunika keki inatakiwa iwe na kipenyo cha keki, jumlisha kimo mara mbili, jumlisha sentimita kama 5 za kukata. Keki ya inchi 10 ina sentimita 25. Ongeza 20 za pande mbili, ongeza 5, unapata duara la sentimita 50. Kwa unene wa milimita 4, duara hilo linakula zaidi kidogo ya kilo moja. Ya inchi 8 inataka duara la sentimita 45 na karibu gramu 900. Ya inchi 6 inataka sentimita 40 na karibu gramu 700. Jumla haifiki kilo tatu, na makombo ya kukata yanarudi kwenye donge. Wengi hukwama hapahapa: wanatengeneza kidogo, wanalazimika kusukuma hadi milimita 2, halafu kingo ya juu inapasuka wakidhani mikono yao ndiyo mibaya.

Kazi ya kuvika pia ilikuwa nzuri. Katika video fupi aliyojirekodi anaonekana ameiviringisha fondanti kwenye mti wa kusukumia chapati, anaifungulia juu ya keki kutoka nyuma kuja mbele, kisha kiganja kinapita katikati ya uso wa juu kwenda nje, kikifukuza hewa. Anakaza kingo ya juu kwanza, kote, kabla hajagusa ubavu. Ndipo anashuka: mkono wa kushoto unafungua mikunjo kama marinda ya sketi, wa kulia unabandika kutoka juu kwenda chini, na wala havuti. Anayevuta hupasua. Mwishoni anapitisha kile kibao cha plastiki cha kulainishia, na kisu kinazunguka chini. Mtu wa namna hiyo humwambii hajui fondanti.

Krimu

Kosa la kwanza lilikuwa ndani. Batakrimu yake ilikuwa nusu siagi ya ng'ombe na nusu ile ya kopo tunayopaka mkate, na ilipokuwa nzito akailegeza kwa maziwa. Sasa tazama maji yanatoka wapi. Siagi ya ng'ombe ina maji ya karibu asilimia 16. Majarini ya kupaka ina kiasi hicho au zaidi, na zile zilizopunguzwa mafuta zinaweza kuwa na maji karibu nusu. Ongeza maziwa. Ongeza sharubati iliyonyunyizwa kwenye matabaka. Yote hayo yamefungiwa chini ya ngozi ya sukari, na sukari huvuta maji popote ilipo. Usiku mzima fondanti ilikuwa inalainika kutoka ndani, taratibu, bila dalili yoyote kwa nje.

Tena siagi haipendi hali ya hewa ya Dar. Huanza kulegea mapema na kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na jiko la Aprili lenye oveni iliyokuwa inawaka haliko mbali na hapo. Krimu ikilegea, fondanti haina tena ukuta wa kuegemea. Inashuka kwa uzito wake, na tumbo linatokea chini.

Kwa fondanti ya pwani ningeweka ganashi chini yake, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa. Chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa krimu sehemu moja inatosha penye ubaridi. Kwa joto letu ningepanda hadi tatu kwa moja, na chokoleti nyeupe, iliyo laini zaidi, hadi nne kwa moja. Inakaza kama ganda, kingo zinakaa kali, na inavumilia nje ya friji. Ubaya wake ni bei, na sitajifanya ni ubaya mdogo: chokoleti halisi ya kufunika ghorofa tatu inaweza kumeza faida yote ya mtu aliyepatana bei na kamati kabla hajapiga hesabu. Njia ya kati ni krimu ya mafuta ya mboga magumu, kama Kimbo, yakichanganywa na siagi kidogo kwa ajili ya ladha. Mafuta hayo hayana maji na huchelewa kuyeyuka. Ladha yake si ya kujivunia, lakini ikipakwa nyembamba kwa nje, huku krimu nzuri ikibaki katikati ya matabaka, hakuna atakayelalamika. Krimu ya kuumua, ile nyepesi ya keki za wiki, isikaribie fondanti kabisa. Itaiyeyusha siku hiyohiyo.

Na kuna keki ambayo haina shida hizi zote, nayo ni ile ya matunda makavu waliyotuachia Waingereza, iliyopakwa jamu, ikavikwa mazipani, yaani donge la lozi zilizosagwa na sukari, ndipo sukari ikafuata. Hiyo haikuhitaji friji hata siku moja. Wateja wa siku hizi wanataka vanila na red velvet, na mteja ndiye analipa, lakini mwokaji ajue kwamba anavika vazi lililoshonewa keki nyingine.

Friji

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Mwokaji aliweka keki kwenye friji kwa sababu aliogopa joto, na woga huo unaeleweka. Ila joto si adui mkubwa wa fondanti. Adui ni unyevu, na friji ya nyumbani ndiyo njia rahisi ya kuimwagia keki unyevu wote kwa mkupuo.

Mwezi wa nne ni masika. Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huangusha maji inapogusa kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Keki iliyotoka friji ina nyuzi 5. Maana yake, tangu inatoka hadi uso wake upande nyuzi 20 nzima, hewa ya chumba itakuwa inaiangushia maji, na keki ya kilo nyingi haipashi moto kwa dakika kumi. Jasho lile lilitoka angani, wala halikutoka kwenye keki. Chupa ya soda mezani hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba chupa haiyeyuki.

Usiku wenyewe haukuwa salama. Friji ile ndiyo friji ya nyumba: jagi la maji ya kunywa mlangoni, watoto wanafungua kila baada ya muda, na kila mlango ukifunguliwa hewa ya masika inaingia. Mwokaji ananiambia umeme ulikatika pia usiku, ukarudi alfajiri. Friji iliyozimika hupanda joto, ikiwaka hushuka, na keki ndani yake hulowa na kukauka bila mtu kuona. Sitaki hata kuzungumzia sufuria ya mchuzi wa samaki iliyokuwa rafu ya chini. Siagi hunyonya harufu.

Kama lazima keki ya fondanti iingie friji, iingie ndani ya boksi la karatasi ngumu lililofungwa. Na ikitoka, itoke na boksi lake, libaki limefungwa hadi keki ifikie joto la chumba. Maji yataanguka kwenye boksi, na karatasi itayanywa. Picha zinaonyesha keki hii iliingia uchi na ikatoka uchi.

Uvimbe, na mpasuko mdogo

Uvimbe wa ghorofa ya chini una sababu mbili. Ya kwanza ni hewa. Alivika fondanti juu ya keki yenye baridi kali, na hewa iliyobaki kati ya krimu na fondanti ikabaki humo. Hewa ikitoka nyuzi 5 ikafika 30 hutanuka kwa karibu asilimia 9, na fondanti iliyokwisha kulainika haina nguvu ya kuikatalia. Ya pili ni kwamba keki haikupewa muda wa kutulia. Matabaka yaliyojazwa krimu asubuhi, yakavikwa alasiri, yakabebeshwa ghorofa mbili jioni, yataendelea kushuka. Yakishuka, krimu ya katikati inasukumwa nje na kutoa mshipi ubavuni. Keki iliyojazwa ilipaswa ilale usiku mmoja kabla ya kuvikwa, imefunikwa vizuri na kuwekewa kitu kizito kidogo juu, kigae kisafi kwa mfano, ili ishuke yote inayotaka kushuka. Kisha irudi kwenye joto la chumba, au karibu nalo, kabla fondanti haijagusa.

Mpasuko mdogo wa nyuma, ambao wageni hawakuuona, ulitokana na sukari kuzidi. Donge la pili lilikuwa linanata, naye akaliongezea sukari hadi likaacha kunata. Masika fondanti itanata tu, kwani hewa yenyewe inailowesha. Ukiifukuza kwa sukari, kesho yake inakauka na kutoa ngozi ya tembo. Bora unga wa CMC kidogo, ule wa kukazia fondanti, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, na mikono ipakwe mafuta. Hapohapo niseme jambo kuhusu glisirini. Mapishi mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa Uingereza na Marekani, kwa nyumba zenye hewa kavu, na huweka glisirini ili fondanti isikauke. Glisirini kazi yake ni kuvuta maji. Ukiitia kwa vijiko hivyohivyo Tabata, Mombasa au Unguja wakati wa mvua, umeongeza kile unachokikimbia. Arusha au Iringa mwezi wa saba ni habari nyingine.

Uokoaji

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufuta kwa tishu. Tishu ikaacha nyuzi, na kidole kikaacha shimo. La pili, akachekecha wanga juu. Wanga na maji ni uji, na mabaka yake yanaonekana kwenye kila picha ya upande wa kushoto.

Kilichosaidia ni kuacha kuigusa. Mdogo wake alizima oveni, akafunga madirisha ya chumba kimoja, akaleta feni akaiweka mbali kidogo kwa mwendo wa chini. Jasho likiachwa hukauka lenyewe, likibakiza mng'ao kidogo ambao kwenye taa za ukumbi hauna ubaya. Uso ulipokuwa umekauka kwa kushikika, alitoboa uvimbe kwa sindano safi, mshazari, karibu na chini, akausukuma polepole kwa kiganja hewa ikatoka. Utepe wa fedha uliokuwa ghorofa ya juu ukahamia ya chini kuziba alama. Maua yaliyochuja rangi yakatolewa, na mchirizi ukafunikwa kwa majani meupe yaliyokatwa kwenye fondanti iliyobaki. Alitumia muda mrefu akiwaza kuvua fondanti yote na kuvika upya. Ilikuwa saa kumi. Nafurahi hakujaribu.

Nguzo za ndani hazikumwangusha. Alikuwa amechomeka mirija minene minne kwenye ghorofa ya chini na mitatu kwenye ya kati, imekatwa sawa na kimo cha keki, na kila ghorofa imekaa kwenye kibao chake. Keki iliyolegea vile bila mirija ingekunjika kwenye matuta ya barabarani kabla ya kufika Buguruni. Ilisafiri kwenye sakafu ya Noah, kiyoyozi kimewashwa, shangazi amekaa pembeni ameshika boksi kwa mikono miwili, akakataa kumwachia mtu mwingine.

Ukumbini ilikatwa saa nne kasoro. Wageni walipata vipande vya mraba, na wengi, kama kawaida, walibandua fondanti wakaiacha kwenye sahani. Hilo huwa linaniudhi na kunifariji kwa pamoja. Tunalala macho kwa ajili ya ngozi isiyoliwa, iliyopo kwa ajili ya picha tu. Kwa sababu hiyo, oda kama hii ningemshauri mteja ghorofa ya chini iwe ya thamoko, lile povu jepesi lisiloliwa, imevikwa fondanti siku kadhaa kabla, imekauka vizuri, na wageni wakatiwe keki za sinia zilizobaki jikoni. Kamati nyingi zikielezwa mapema zinakubali, kwa sababu bei inashuka na picha zinabaki zilezile. Zikija kugundua wakati wa kukata, ni kesi.

Kamati ililipa salio lote. Shangazi alidai punguzo, mwenyekiti akasema keki imekatwa na imeliwa, yakaisha. Kwenye hesabu ya mwokaji, hata hivyo, oda ile haikumwachia kitu. Bei yake ilihesabu unga, mayai, siagi, sukari na mashimelo. Haikuhesabu chumba chenye hewa kavu kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Sasa anapopokea oda ya fondanti kati ya Machi na Mei anaweka ndani ya bei umeme wa kiyoyozi kwenye chumba cha kulala cha dada yake, siku moja na usiku wake, na boksi tatu ngumu. Mteja akisema ni ghali, anamwonyesha sampuli za krimu.